Mkwamo wa 1979 hadi 1986: shilingi ya Mwalimu na mikorosho iliyoachwa porini

Nchi inaweza kukwama kisiasa hata kama haina chama cha upinzani. Tanzania ilikwama hivyo kuanzia mwishoni mwa 1979 hadi Agosti 1986. Bunge halikugawanyika, serikali haikuwa ya mseto, na hakuna mahakama iliyokuwa ikibatilisha sheria. Kulikuwa na chama kimoja, CCM, na rais mmoja, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye hakuna aliyethubutu kupimana naye ubavu. Hata hivyo swali moja, shilingi iwe na thamani gani, lilikaa mezani karibu miaka saba, na muda wote huo uchumi ukawa unadidimia.

Kisa hiki hupendwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza wanasema Ujamaa ni ushahidi kwamba taifa lisilokimbiza ukuaji wa uchumi huishia kwenye foleni ya sukari. Wa pili, ambao wengi wao ni vijana waliovutiwa na mijadala ya Ulaya kuhusu kuishi bila kukuza uchumi milele, wanalishika Azimio la Arusha kama babu wa fikra hizo. Nadhani wote wawili wanasoma vibaya kilichotokea, na ndiyo maana nimeona nikifukue kisa chenyewe, hasa sehemu ambayo haisimuliwi sana: nani alikuwa na uwezo wa kusema hapana, na nani aliyelipia hizo hapana.

Azimio lilisema nini, na serikali ikafanya nini

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Hoja yake kuhusu uchumi ilikuwa kwamba fedha ni matokeo ya maendeleo, si msingi wake. Msingi ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Lilionya dhidi ya kutegemea misaada na mikopo, na dhidi ya kudhani viwanda vya mjini ndivyo vitakavyomkomboa mtu wa kijijini. Kwa maneno mengine, lilipanga foleni: kwanza shule ya msingi, maji, zahanati na kilimo, mengine baadaye. Halikusema uchumi usikue.

Sehemu ya foleni hiyo ilitekelezwa kweli. Kampeni za elimu ya watu wazima ziliwafikia mamilioni, na baada ya Azimio la Musoma la 1974 serikali ikaamua kila mtoto aingie shule ya msingi, mpango ulioanza rasmi 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji ulikuwa umepita asilimia 90. Madarasa yalijaa, walimu wengi walifundishwa haraka haraka, na ubora uliteseka. Lakini mtoto wa Kasulu au Masasi aliyezaliwa 1970 alikuwa na nafasi ya kujua kusoma ambayo baba yake hakuwahi kuiota.

Upande wa pili wa Azimio ulivunjwa na haohao walioliandika. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa inakimbilia viwanda kama nchi nyingine yoyote, tena kwa fedha za kukopa. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilitarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza Ulaya. Hakikuwahi kufika hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Viwanda vya aina hiyo vilihitaji vipuri, mafuta na kemikali kutoka nje, yaani vilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zililetwa na kahawa, pamba, katani na korosho za mkulima. Kwa hiyo anayesema Tanzania ya Mwalimu ilijaribu kuishi bila ukuaji, arudi kwenye orodha ya viwanda. Iliutaka ukuaji sana, ila ilimbana yule aliyekuwa akiugharimia.

Mapigo

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikalazimika kuanzisha ndege zake, reli yake na bandari yake karibu kwa mara moja. Bei ya kahawa ilikuwa juu wakati huo kwa sababu ya baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil 1975, na hazina ilikuwa na akiba ya kuridhisha. Wakopeshaji wakashauri masharti ya kuagiza bidhaa yalegezwe. Yakalegezwa, na kabla 1978 haijaisha akiba ilikuwa imekauka. Oktoba mwaka huohuo Idi Amin akavamia Kagera. Vita vilifika Kampala Aprili 1979, na makadirio yanayotajwa zaidi ya gharama yake ni dola milioni 500. Bei ya mafuta nayo ikapanda kwa mara ya pili ndani ya muongo mmoja.

Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawajaisahau hiyo miezi 18, kwa sababu ilikuwa ikiongezwa bila kutangazwa.

Meza ya mazungumzo

Waziri wa Fedha alikuwa Edwin Mtei, ambaye ndiye aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Mwaka 1979 alizungumza na wajumbe wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF kama lilivyozoeleka, na akaona masharti yao ni machungu lakini yanajadilika: kushusha thamani ya shilingi, kupunguza nakisi ya bajeti, kulegeza udhibiti wa bei, kuondoa baadhi ya ruzuku. Mwalimu aliyakataa. Mtei akajiuzulu, na Amir Jamal akarudishwa Hazina. Tarehe 1 Januari 1980, akizungumza na mabalozi, Mwalimu aliuliza tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa.

Swali hilo lilipigiwa makofi katika nchi nyingi maskini, na lilistahili. Shirika linaloongozwa kwa kura za wenye hisa kubwa lilikuwa linaamua bei ya unga wa mahindi Dar es Salaam. Ila hoja nzuri ya kidiplomasia haileti vipuri vya basi. Septemba 1980 mkataba ulisainiwa, na baada ya miezi michache ukasimamishwa kwa sababu Tanzania ilivuka kikomo cha mikopo ya serikali kilichowekwa. Baada ya hapo kukawa na mipango ya ndani, wa 1981 na wa 1982, iliyojaa malengo ya uzalishaji lakini isiyo na fedha za kigeni za kuyatimiza.

Ndani ya serikali hoja zilikuwa mbili. Upande mmoja, wakiwamo wachumi kama Kighoma Malima, walisema kushusha shilingi hakutaleta mauzo zaidi ya nje: mkonge na mbuni havikui kwa tangazo la Benki Kuu, bei za dunia zinaporomoka, na kitakachopanda mara moja ni bei ya mafuta na dawa. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Upande wa pili, baadaye ukiwa na sauti za wachumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Ibrahim Lipumba na Benno Ndulu, ulisema bei rasmi ya shilingi imekuwa kodi kubwa kuliko zote anayotozwa mkulima, na hailipwi na mwingine yeyote.

Hebu tuiweke kodi hiyo kwa hesabu ya kufikirika. Chukua zao linalouzwa nje kwa dola 1 kwa kilo. Kwa bei rasmi ya 1979, shilingi 8 na senti kadhaa kwa dola, mamlaka ya zao, yaani shirika la serikali lililolinunua zao hilo kwa mkulima, ilipokea shilingi 8 hizo, ikatoa mishahara, magari, magunia na hasara zake, na kilichobaki ndicho kilimfikia mkulima. Tuseme ni shilingi 4. Sasa mkulima huyo anatafuta sabuni. Dukani hamna. Ipo kwa mlanguzi, na mlanguzi anaipanga bei yake kwa dola ya mtaani, ambayo kufikia 1985 ilikuwa zaidi ya mara tano ya ile rasmi. Mkulima anauza kwa shilingi ya serikali na kununua kwa shilingi ya magendo. Mtu wa namna hiyo hahitaji kusoma Azimio wala ripoti ya IMF ili ajue cha kufanya. Anaacha kupalilia zao la biashara, analima mahindi na mpunga wa kula na kuuza kimya kimya, na akiwa karibu na mpaka wa Kenya anavusha kahawa usiku.

Serikali ilishusha thamani kidogo kidogo: 1982, 1983 hadi kufika shilingi 12 hivi, 1984 hadi 17. Kwenye karatasi shilingi ilikuwa inashuka. Lakini mfumuko wa bei ulikuwa ukizunguka asilimia 30 kwa mwaka, kwa hiyo kila baada ya hatua hizo pengo lilirudi palepale.

Korosho

Hakuna mahali hesabu hiyo inapoonekana wazi kama Mtwara, Lindi na Tunduru. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho na ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Msimu wa 1986/87 ilipata tani 16,500 hivi. Kushuka kutoka 145 hadi 16 si ukame wa mwaka mmoja.

Mkorosho ni mti mvumilivu. Hauombi mbolea sana, unastahimili mchanga na jua la Kusini, na korosho yenyewe huanguka chini ikiwa tayari. Sharti ni moja: kabla ya Oktoba chini ya mti pawe pamefyekwa na kupaliliwa, ili korosho ionekane na iokotwe kabla ya mvua, na moto wa porini usiingie. Kazi hiyo hufanywa na anayeishi karibu. Operesheni Vijiji, iliyoanza kwa amri mwishoni mwa 1973, iliwahamisha watu hadi kandokando ya barabara, na mikorosho ikabaki kule walikotoka, mara nyingine mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Mwaka wa kwanza mtu anakwenda. Wa pili anakwenda kuokota bila kufyeka. Baadaye vichaka na nguruwe mwitu wanachukua shamba.

Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hushambulia maua na kuyakausha kabla hayajashika. Dawa yake iliyokuja kutumika baadaye ni salfa, na salfa hununuliwa nje, kwa fedha za kigeni. Nani angelipia salfa wakati mamlaka ya korosho yenyewe inadaiwa? Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimefutwa 1976 na kazi zao kupewa mamlaka za mazao, kwa hiyo mkulima hakuwa tena na chombo chake cha kulalamikia bei. Alikuwa na katibu wa chama, ambaye kazi yake ilikuwa kumweleza malengo ya uzalishaji.

Sehemu ya kisa hiki inayoniudhi zaidi ni viwanda. Wakati mavuno yanaporomoka, nchi ilikuwa inajenga viwanda vya kubangua korosho, zaidi ya kumi kwa jumla, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, sehemu kubwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na mitambo ya Italia na Japani. Ilipofika wakati wa kuviwasha, korosho hazikuwapo. Vingi vilifungwa bila kufanya kazi ya maana. Deni lake halikufungwa. Huo ndio ukuaji uliokuwa ukitafutwa: wa kwenye taarifa ya mradi, na ambao Washington na Dar es Salaam waliukubali kwa pamoja bila ugomvi hata siku moja.

Kwa nini mkwamo ulidumu

Ukisoma historia rasmi utadhani miaka saba ile ilikuwa vita vya kanuni kati ya Mwalimu na mabeberu. Kanuni zilikuwapo. Ila mkwamo haudumu miaka saba kwa kanuni peke yake. Lazima kuwe na anayeugharimia na anayefaidika nao.

Wagharimiaji walikuwa wawili. Wa kwanza ni wafadhili, hasa nchi za Nordiki, ambao kwa miaka ya mwanzo waliendelea kutoa misaada hata IMF ilipokataa. Walifanya hivyo kwa nia njema, wakiamini Tanzania inajaribu kitu cha haki. Matokeo yake ni kwamba pande zote mbili za meza zilimudu kusubiri. Wa pili ni wananchi wenyewe. Thamani halisi ya mishahara ilishuka kwa zaidi ya nusu, na hakuna aliyeingia barabarani. Walifanya miradi. Mwalimu wa sekondari alifuga kuku, karani wa wizara alikuwa na shamba Kibaha au Mkuranga na siku za Ijumaa haonekani ofisini baada ya saa sita, mke wa ofisa aliuza maandazi na barafu, daktari alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa uani. Watu walikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya manjano ya msaada, wakaulalamikia na kuumaliza. Uchumi huu wa uani haukuwamo kwenye takwimu za pato la taifa, lakini ndio uliofanya mji usilale njaa. Na kwa kuwa watu walijihangaikia, serikali haikusukumwa.

Kuhusu wanufaika husemwa kidogo. Bei ikidhibitiwa na bidhaa zikiwa haba, kibali kinakuwa mali. Aliyepata kibali cha mifuko 100 ya saruji kwa bei ya serikali alikuwa ameshatajirika kabla hajaiona saruji yenyewe. Sembuse aliyekuwa akisaini vibali! Sisemi kila aliyepinga kushusha shilingi alikuwa mla vibali. Wengi walikuwa waumini wa kweli. Ila waumini walipewa msaada na watu ambao imani yao ilikuwa mfukoni.

Edward Sokoine, aliporudi kuwa Waziri Mkuu 1983, aliliona hilo na akaamua kulipiga. Mwezi Machi mwaka huo msako wa wahujumu uchumi ulianza, mamia walikamatwa, mahakama maalumu ikaundwa. Watu wakatupa sabuni, sukari na vitenge vichakani usiku ili visikutwe majumbani. Alikuwa maarufu kuliko kiongozi yeyote isipokuwa Mwalimu, na bado ni mfano wa uadilifu kwa wengi, mimi nikiwamo. Lakini msako ulithibitisha kinyume cha ulichokusudia. Baada ya maghala kufunguliwa na bidhaa kugawiwa, madukani kukawa tupu zaidi kuliko mwanzo, maana walanguzi ndio waliokuwa wakizileta. Inaelekea naye aliliona, kwani mwaka huohuo serikali yake iliruhusu mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam kuziba pengo la UDA, shirika la umma la mabasi ya mji huo. Tarehe 12 Aprili 1984 alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro.

Mlango wa nyuma

Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya, ndiyo iliyolegeza fundo, na ilifanya hivyo bila mkataba wowote wa IMF na Mwalimu akiwa bado Ikulu. Iliondoa ruzuku ya sembe, ikashusha shilingi, na ikaruhusu yeyote mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Ilikuwa ni kukubali, kwa lugha ya kihazina, kwamba magendo ni sehemu ya uchumi. Ndani ya miezi michache maduka yakaanza kuwa na kitu. Mitumba, ambayo watu waliiita kafa Ulaya, ikafurika.

Kilichobaki ni karatasi. Nchi za Nordiki nazo zikaanza kuiambia Tanzania ikubaliane na IMF, na hapo mto wa kuegemea ukawa umeondolewa. Novemba 1985 Mwalimu alimkabidhi nchi Mzee Ali Hassan Mwinyi, huku akibaki mwenyekiti wa chama hadi 1990. Agosti 1986 mkataba ukasainiwa na shilingi ikatoka 17 hivi hadi 40 kwa dola. Mwinyi aliitwa Mzee Ruksa kwa jambo ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa limesharuhusiwa na mtangulizi wake.

Shule na shilingi

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wa pande zote mbili niliowataja mwanzoni. Katika miaka saba ile kulikuwa na maswali mawili tofauti. La kwanza: taifa litumie kidogo lilichonacho kwa nini kwanza? Jibu la Tanzania lilikuwa shule, maji, zahanati. La pili: mkulima alipwe shilingi ngapi kwa dola anayoiingiza? Maswali haya hayategemeani. Ungeweza kushusha shilingi 1979 na kuendelea kuweka elimu ya msingi mbele. Kwa kweli ungekuwa na fedha zaidi za kuiendesha, maana korosho na katani zingeendelea kuja.

Lakini pande zote mbili ziliyafunga fungu moja. IMF ilileta shilingi pamoja na kupunguza matumizi ya serikali, kana kwamba bei sahihi ya fedha inadai pia ada ya shule. Chama nacho kikaitetea shilingi ya 8 kana kwamba ndiyo shule yenyewe, hivyo kila aliyesema shilingi ishuke alionekana anataka watoto watolewe darasani. Kwa kufunga hivyo, fungu liliposhindwa lilishindwa lote. Michango na ada vilirudi katikati ya miaka ya 1980, bajeti za elimu zikabanwa, na katika miaka ya 1990 uandikishaji wa shule za msingi ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 80. Taifa lililokuwa na ukuaji hafifu na karibu kila mtoto shuleni likawa na ukuaji ulioanza kupata nafuu na watoto wanaokaa nyumbani.

Uandikishaji ulipanda tena ilipofutwa ada ya shule ya msingi na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza 2002, baada ya Tanzania kusamehewa sehemu ya madeni yake Novemba 2001. Huo ulikuwa uamuzi wa nini kitangulie, kama ule wa Musoma. Na ukitaka kuona kwamba ukuaji wenyewe haujui kupanga foleni, tazama miaka iliyofuata: kati ya 2001 na 2007 uchumi ulikuwa ukikua kwa asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka, huku umaskini wa mahitaji ya msingi, kwa mujibu wa tafiti za matumizi ya kaya, ukishuka kutoka asilimia 35.7 hadi 33.6 tu.

Kuhusu wale wa Ulaya wanaotaka uchumi upunguzwe: wana hoja kwa nchi zao, ambako nyumba zina magari mawili na chakula kinatupwa kwa tani. Kuikopi hoja hiyo na kuibandika kwa Tanzania ya 1980 ni kutoelewa foleni ya sabuni. Kilichotokea hapa hakikuwa taifa lililochagua kidogo kinachotosha. Kidogo kinachotosha kilikuwa kimechaguliwa 1967, kisha kikaachwa kwa viwanda vya mkopo, na umaskini uliofuata ukapewa jina lake.

Korosho tena

Kusini ilichukua muda kurudi. Salfa ikapatikana, biashara ikafunguliwa, watu wakarudi kwenye mikorosho ya zamani na kupanda mipya, na kuanzia 2007 mauzo yakapitia stakabadhi ghalani, ambako mkulima huweka korosho ghalani na kupewa risiti hadi ziuzwe mnadani. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, mara mbili ya kilele cha 1973/74.

Msimu uliofuata wanunuzi walitoa bei ambayo wakulima waliikataa minadani. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliwafukuza kazi mawaziri wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakatumwa kusomba. Niliwasikia wenzangu wakishangilia kwamba hatimaye kuna anayemtetea mkulima, na bei ile kwa kweli ilikuwa nzuri. Ila serikali ikabaki na korosho maghalani ikitafuta mnunuzi, uhakiki wa mashamba ukavuta siku, na baadhi ya wakulima wakasubiri malipo yao kwa miezi. Msimu wa 2019 minada ya wanunuzi binafsi ikarudi, bila tangazo kubwa la kukiri lolote.

Safari hii mkwamo ulidumu msimu mmoja. Wabunge wa Kusini walikuwa wameshaanza kupiga kelele bungeni tangu Juni 2018 kuhusu ushuru wa korosho, vyama vya msingi vya ushirika vilikuwapo, mkulima alikuwa na simu na alijua bei ya Vietnam na India. Mzee wa Newala wa 1979 hakuwa na kimojawapo cha hivyo, na ndiyo maana jibu lake pekee kwa Dar es Salaam lilikuwa kuacha kufyeka chini ya mikorosho.